Shimo la Bi Midomo

Bi Midomo alimaliza kupiga pasi gauni ambalo lilikuwa limeshapigwa pasi jana yake, akamgeukia mumewe na kumwambia kwamba asipofunga viatu sasa hivi ataachwa. Hakuna aliyekuwa amechelewa. Ukumbi ungefunguliwa saa nne, saa tatu haijafika, na kutoka kwao ni mwendo wa dakika kumi, unafuata tu ukuta wa kiwanda cha nguo. Lakini moyo ukishatangulia njiani, miguu nayo hukosa subira. Mzee wa watu akatolewa nje mbiombio, na miwani yake ikabaki mezani.

Ukumbi ule ulikuwa umefungwa kufuli miaka thelathini. Sasa umepakwa rangi, viti vimeshonwa upya, na leo wageni wanatembezwa kwa mara ya kwanza. Kiwanda ndicho kilichoujenga, na wafanyakazi wenyewe ndio walioigiza humo. Mzee alikuwa fundi wa mitambo, akapewa nafasi za mabwana wakubwa kwa sababu ni yeye peke yake aliyekuwa na tai. Mkewe hakuonekana kamwe. Alikaa kwenye shimo mbele ya jukwaa, chini ya kifuniko cha mbao, uso kwa wachezaji na mgongo kwa watazamaji, akimkumbusha maneno kila aliyesahau. Tena bila kutoa sauti.

Ukimweleza mtu wa leo hayo, anakuona muongo. Kumbe jambo lenyewe ni jepesi. Mashine mia mbili za kufuma zilinguruma kutwa nzima, na mfumaji aliyetaka kusema na mwenzake alichezesha midomo tu, mwenzake akaisoma. Habari za mshahara, za wagonjwa, za waume wa watu, zote zilipita hivyo, kimya kimya.

Mzee aliwahi kulisahau hilo siku moja, na siku yenyewe ilitosha. Katikati ya mchezo, badala ya kusema maneno yake, alimtazama binti wa shimoni na kuchezesha midomo: "Utakubali nikuoe?" Alidhani ni siri ya watu wawili. Mbele yake walikaa wafumaji mia nne, na wote walimsoma. Watu walicheka hadi pazia likashushwa. Walioana, wakazaa, wakapata wajukuu. Lakini jibu alilopewa pale pale hakuna mwingine aliyeliona, na wenyewe hawakulisema.

Mwongozaji wa wageni alikuwa bwana mpole, mgeni wa mji, mwenye karatasi zake mkononi. Bi Midomo alimfuata nyuma nyuma akigusa kila kiti, anacheka peke yake. Walipofika mbele, penye shimo, bwana yule akasoma: "Na hapa palikuwa stoo ya makopo ya rangi."

Bi Midomo alimkatiza. "Mwanangu, hapo ni kwangu," alisema. "Nilikaa humo miaka kumi na mmoja."

"Sikubishii, bibi. Ila tulikuta makopo humo, na hakuna karatasi inayosema kulikuwa na mtu. Saa saba maneno haya yanakwenda kwa fundi wa kibao cha shaba kitakachobandikwa hapa. Kikishachongwa, ndiyo basi."

"Basi nijaribu. Niandikie chochote. Nitakisema bila sauti, na mzee wangu atakitamka."

Bwana akaandika sentensi kwenye kipande cha karatasi. Watu wawili wakamshika Bi Midomo mikono, magoti yakalia, akashuka. Humo ndani ubao ulikuwa bado umebonyea pale kisigino chake kilipokuwa kikipiga. Alitaka kulia na kucheka kwa pamoja, akachagua kazi. Mzee alikuwa ameshapanda jukwaani, kifua mbele.

Bi Midomo akamwambia kwa midomo: Mlango wa nyuma ufungwe kabla ya mvua. Akarudia. Akarudia tena, polepole.

Mzee alikunja uso, akainama, akakunja tena. "Mama, midomo naiona inacheza," alisema mwishowe. "Inachosema ndicho nisichokiona. Miwani iko nyumbani."

Haraka haraka haina baraka, na aliyekuwa na haraka ni nani? Bi Midomo alijua. Wageni wakaangalia sakafu. Mwongozaji akamshukuru kwa upole, na upole ule ulimchoma kuliko ubishi. Miaka yake kumi na mmoja inageuka makopo ya rangi.

Mzee hakushuka. Alisimama akilitazama shimo, kisha, bila kutoa sauti, midomo yake ikacheza.

Nyuma kabisa, ambako wanawake sita waliowahi kufuma zamu ya asubuhi walikaa kupumzisha miguu, kikaibuka kicheko. Hao macho yao yanaona mbali. Yanachoshindwa ni ujumbe wa simu. Mmoja wao, dada yake Mzee, akasimama, akashika kiti cha mbele. "Wifi, mjibu kaka yangu! Miaka arobaini na minne hii tunangoja."

Mwongozaji aligeuka huku na huku. "Amesema nini? Mbona mimi sijasikia kitu?"

"Kasema 'Utakubali nikuoe'," wakamjibu wote sita, kwa pamoja.

Bwana akaiteremsha karatasi yake.

Bi Midomo akasukuma kifuniko, akasimama, na kwa mara ya kwanza humo shimoni akaugeuzia ukumbi uso. Akawaambia kwa midomo, neno kwa neno, alichojibu siku ile. Wifi yake akakisoma kwa sauti ili na kaka yake apate: "Ndiyo. Ila maliza mchezo kwanza."

"Ndiyo?" Mzee alishika kiuno. "Ilianza ndiyo? Mimi nilikuwa nimegeuka kuwatazama wanaocheka, nikapata 'maliza mchezo' tu. Nilikonda wiki mbili nzima!"

"Na mimi baada ya wiki mbili nikashangaa unaniuliza tena kwenye foleni ya chai."

Walicheka hadi wageni wasiojua midomo nao wakacheka. Mwongozaji alifuta macho, akapiga mstari juu ya makopo ya rangi, akachuchumaa ukingoni mwa shimo na kalamu yake.

"Niandike nini, bibi?"

Bi Midomo alitazama jukwaa, akatazama viti. Kisha akatumia sauti yake, yote, hadi nyuma wakaisikia.

"Andika palikuwa na mtu."