Mbwa Aliyefuata Nyayo za Bwana Prill

Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa Mei, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, Heidrun Matthes alifika kwenye lango la Chama cha Mbwa cha Hasselbrück akiburutwa na mbwa wake. Mafunzo yalianza saa nne. Hapa Hasselbrück, kuwahi kwa dakika kumi ndiko kufika kwa wakati.

Mbwa aliitwa Fiete. Alikuwa na mwaka mmoja na miezi miwili. Mama yake alikuwa mbwa wa kuchunga kondoo. Baba yake hakujulikana, ila bila shaka alikuwa na mbio. Heidrun alikuwa amekaa mapokezi kwa daktari wa meno kwa miaka thelathini na minane, akipokea watu wasiofurahi kumwona. Alipostaafu alitaka kiumbe kimoja tu kitakachofurahi akifungua mlango. Akampata. Fiete alifurahi hadi akala kochi, akala fremu ya mlango, kisha akajifunza kufungua friji. Heidrun alimpenda mno, na upendo huo ulimtia aibu kidogo, maana hakuwahi kumpenda mtu yeyote namna ile.

Mwezi wa Machi ilikuja barua kutoka kwa wenye nyumba. Majirani wa chini walikuwa wamelalamika. Ama ifikapo tarehe thelathini Septemba Heidrun awe na cheti kwamba mbwa anafanya mazoezi katika chama kinachotambulika, ama mbwa aondoke.

Mwenyekiti wa chama, Burkhard Loske, alimpokea langoni akiwa na kalamu tatu mfukoni.

"Bi Matthes, huyu kijana anataka nini maishani?"

"Anataka kukimbia."

"Wote wanataka kukimbia. Swali ni kukimbia kwa utaratibu gani."

Chamani, wanachama huitana kwa majina yao ya kwanza. Yule ambaye hajapigiwa kura huitwa Bi au Bwana kwa jina la ukoo, hata kama ni jirani yako tangu utotoni. Ndiyo mila, na ilikuwapo kabla ya choo cha ndani.

Chama kilikuwa na michezo minne ya kuchagua. Walianza na viunzi. Fiete aliruka viunzi vyote, akaruka meza ya mpima muda, akamruka mpima muda mwenyewe, akaruka uzio. Alivunja rekodi ya chama kwa sekunde nne, lakini kwa mpangilio usiofaa.

"Kasi anayo," alisema Ingeborg Stanke, katibu wa chama, akiokota miwani yake kwenye nyasi. "Masikio ndiyo hana."

Wakajaribu utii. Mbwa alitakiwa kulala chini kwa dakika tano katikati ya wenzake bila kutikisika. Fiete alilala kwa sekunde kumi na moja. Mwezi wa Juni wakajaribu mbio za kupokezana mpira, ambapo kila mbwa huchukua mpira wake na kumletea bwana wake. Fiete alichukua mipira ya timu zote na kuizika mahali ambapo mpaka leo hapajulikani.

"Bi Matthes," alisema Burkhard, "umebaki mchezo mmoja. Huo nao akiushindwa, jinunulie samaki wa kwenye chupa, na huyu umpe mtu mwenye shamba."

Heidrun alicheka kwa adabu. Usiku ule hakulala vizuri.

Mchezo uliobaki ulikuwa kufuata nyayo. Mtu hutembea kwenye konde, akikanyaga kwa uzito, akidondosha kipande cha soseji kila baada ya hatua chache, akikata kona mbili, na mwisho wa safari yake huacha glavu. Baada ya nusu saa mbwa hufuata njia ileile, pua chini, taratibu, na akiikuta glavu hulala mbele yake. Burkhard alizitembea nyayo mwenyewe kwenye uwanja nyuma ya jumba la chama.

Fiete aliinamisha pua, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe akatembea polepole. Heidrun, aliyeshika kamba nyuma yake, alipunguza mwendo naye. Lakini kwenye kona ya kwanza, pale Burkhard alipopinda kushoto, Fiete alinyoosha mbele. Aliviacha vipande sita vya soseji. Alifuata ukuta wa jumba, akazunguka banda la mashine, kisha akaingia kwenye uwanja wa nyasi na kuupima kwa mistari iliyonyooka, kwenda na kurudi, kama mtu anayekata majani. Ilimchukua dakika arobaini.

"Hizo si nyayo zangu," alisema Burkhard.

Mwisho wa nyayo, karibu na lundo la mboji, alikuwa amesimama Ottmar Prill, amevaa ovaroli ya kijani, kofia mkononi. Alikuwa amefariki Januari mwaka 1998. Fiete alilala mbele ya viatu vyake, kama kanuni zinavyotaka.

"Habari za asubuhi," alisema Ottmar. "Nimekuja kumalizia saa zangu za kazi."

Burkhard alitazama saa. "Umechelewa, Bwana Prill."

"Najua. Nilikuwa nimefariki."

"Tunaelewa, na pole sana. Lakini mwisho ulikuwa tarehe thelathini na moja Desemba."

"Mashine bado mnaiweka banda lilelile?"

"Lilelile."

Ottmar akavaa kofia yake na kwenda kuichukua.

Ingeborg alimweleza Heidrun habari yenyewe wakinywa kahawa kwa keki ya matofaa. Kila mwanachama hufanya saa kumi za kazi kwa mwaka: kukata nyasi, kupaka rangi viunzi, kusugua jiko. Saa hizo huandikwa kwenye kadi, na katibu huisaini. Mwaka 1997 Ottmar alifanya saa nne. Kisha mkewe, Waltraud, akaugua, naye akakaa kando ya kitanda chake tangu Juni mpaka Desemba. Barua ya kumfuta uanachama ilimfikia siku ya kumzika Waltraud. Ilimtaka arudishe ufunguo. Aliurudisha siku hiyohiyo alasiri, ndani ya bahasha, akiwa bado na suti nyeusi.

"Lakini huyu ndiye aliyejenga hili jumba," alisema Heidrun. Alikuwa ameiona picha ukutani: kijana mwenye mwiko, ukuta umefika kiunoni.

"Tofali kwa tofali. Kiangazi cha kwanza na cha pili, jua lote lilimwishia mgongoni."

"Na saa hizo?"

"Wakati ule saa zilikuwa hazijaanza kuhesabiwa, Bi Matthes."

"Na hakuna aliyesema kitu?"

Ingeborg alifikiri. Alikuwa mwanamke mkweli. "Mwisho wa kikao kulikuwa na ajenda ya 'mengineyo'. Hakuna aliyeitumia. Ongeza keki, usione haya."

Chini ya picha kulikuwa na kibao cha shaba chenye majina ya waasisi. Kati ya jina la nne na la tano palikuwa na nafasi iliyokwajuka, na tundu nne za skrubu.

Tangu hapo Ottmar alikuja kila Jumamosi. Ilibidi Fiete amfuate kwanza. Bila Fiete hakuonekana. Mbwa aliinamisha pua langoni, Heidrun akamfuata na kamba, na baada ya mizunguko yake Bwana Prill alikuwa pale penye mboji, kofia mkononi. Alifanya kazi saa sita kamili, zilezile alizokuwa amebakiza, kisha akampelekea Ingeborg kadi.

"Siwezi kusaini mwaka uliokwisha, Bwana Prill. Mkaguzi atanitafuna mzimamzima."

"Basi nitarudia."

"Rudia tu. Na ukipata nafasi, ule mfereji wa bati umejaa majani."

Jumamosi iliyofuata alianza upya. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Kufikia Agosti nyasi zilikuwa sawa kama kitambaa kilichopigwa pasi, viunzi vilikuwa na rangi mpya, na bawaba ya choo haikulia tena. Wanachama waliacha kuja na reki zao. Ingeborg hakuweza kuvumilia kuona kazi iliyofanyika haiandikwi popote, kwa hiyo kila Jumamosi aliziandika zile saa sita kwenye kadi ya mwanachama aliye hai. Ili asionekane na upendeleo, alifuata alfabeti.

Fiete naye alibadilika. Kufuata mistari ya mtu yule kulimchosha kuliko mbio zozote. Alirudi nyumbani, akanywa maji, akalala mpaka asubuhi. Jirani wa chini alimsimamisha Heidrun kwenye ngazi na kumuuliza kama mbwa amekufa.

Katikati ya Agosti Heidrun alishikwa na mafua wiki mbili. Nyasi zikaota hadi vifundoni. Burkhard mwenyewe alimletea supu ya kuku mlangoni, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu.

"Upone haraka, Bi Matthes. Chama kinakuhitaji. Wewe na kijana."

Ni kwenye supu ile Heidrun alipoelewa kwamba alikuwa na mpini mkononi, na chama kimeshika makali. Aliporudi uwanjani alimfuata Ottmar, aliyekuwa akinoa mkasi wa ua.

"Bwana Prill, wewe unataka nini hasa?"

"Jina langu pale kwenye kibao. Tundu bado nzima, nimeziangalia. Skrubu ninazo." Akamwonyesha, nne, kwenye mfuko wa ovaroli. "Waltraud huniuliza kila jioni kama wamelirudisha. Namwambia karibu."

Heidrun aliumia. Alirudi nyumbani akaandika nusu ukurasa kwa mwandiko wake wa mapokezi: kwamba saa za Bwana Prill zikubaliwe, kwamba jina lirudishwe, na kwamba bila hayo Fiete hatafuata tena nyayo za mtu yeyote. Akaikunja karatasi na kuiweka mfukoni mwa koti.

Kikao kiliitishwa Jumamosi ya tarehe ishirini Septemba, saa tisa alasiri. Ajenda ya nane ilikuwa kumpokea mwanachama mpya. Ajenda ya tisa ilikuwa mengineyo.

Kwenye ajenda ya nane mikono yote ilinyooka. Burkhard aligonga muhuri, akaupulizia wino, akamkabidhi cheti.

"Karibu, Heidrun," alisema.

"Karibu, Heidrun," walisema wote.

Hakuwa ameitwa jina hilo na watu wengi kwa pamoja tangu shuleni. Chini ya kiti Fiete alikuwa amelala, kidevu juu ya kiatu chake.

"Katiba inasema mwaka wa kwanza ni wa majaribio," aliendelea Burkhard, akitabasamu. "Chama kinaweza kukichukua tena cheti bila kutaja sababu. Nasoma kifungu hiki tu kwa sababu lazima kisomwe. Haya, ajenda ya tisa. Mengineyo. Kuna mwenye neno?"

Dirishani, kwa nje, Bwana Prill alikuwa akifuta vioo. Alifika kwenye kioo kilichoelekeana na Heidrun, akakisugua vizuri pembeni, akahamia kingine. Heidrun aliishika karatasi mfukoni. Kwa mkono wa pili alishika cheti, na wino wake ulikuwa bado haujakauka. Zilikuwa zimebaki siku kumi. Alimtazama mbwa wake akipumua.

"Hakuna," alisema Ingeborg, akaandika.

Baada ya kikao alimpa Heidrun kadi yake ya kazi. Tayari ilikuwa na saa sita, za kukata nyasi, tarehe aliyokuwa kitandani na mafua.

"Hiyo siku nyasi hazikukatwa kabisa, Ingeborg."

"Tarehe ndiyo iliyokuwa wazi, shoga yangu. Saa ni za kweli. Zamu ya herufi M imekwisha, usiniharibie mpango."

Oktoba ulifanyika mtihani wa kufuata nyayo, na mwamuzi aliletwa kutoka mji mwingine. Kwa kuwa Fiete alifuata nyayo za mtu mmoja tu, Burkhard alimwomba Bwana Prill azitembee. Alikubali. Aliuliza kama matembezi hayo yatahesabiwa kuwa kazi, akaambiwa hapana, hayo ni michezo.

Fiete alifanya kazi safi. Alizifuata hatua zote, kona zote, na mwisho akalala mbele ya glavu, na Bwana Prill amesimama nyuma yake kofia mkononi. Watu walipiga makofi. Mwamuzi alimpa alama tisini na nane kati ya mia, ambazo hazijawahi kupatikana hapa kwetu. Heidrun aliuliza mbili zimekwenda wapi.

"Amemtikisia mkia mtu asiye mwanachama," alisema mwamuzi. "Saini hapa kama huna pingamizi."

Heidrun alisaini.

"Hongera, Bi Matthes," alisema Ottmar Prill, ambaye hakuwa na ruhusa ya kumwita vinginevyo.

"Asante, Bwana Prill."

Ottmar aliokota glavu, akaipangusa udongo, akamrudishia Burkhard. Kisha akaenda bandani kuchukua mashine, kwa sababu ilikuwa Jumamosi na alikuwa bado hajaanza.