Mama Yuko Tayari

Mwezeshaji wa mafunzo pale hospitalini hajamaliza hata kujitambulisha, Sista Chapchap alikuwa ameshahama viti viwili. Cha kwanza kilikuwa karibu na dirisha, akasema jua linamchoma. Cha pili kilikuwa chini ya feni, akasema feni inampa mafua. Ukweli, ambao ukumbi mzima uliujua na kuunong'ona nyuma ya madaftari, ni kwamba kila alipokaa alijikuta anatazamana na shemeji yake.

Shemeji huyo, mume wa mdogo wake wa tumbo moja, alikuwa mtu wa machela wa hospitali ile, mwaka wa kumi na moja huo. Watu walimwita Tairi. Siku hiyo ilikuwa Jumatano, na Ijumaa saa nne asubuhi Tairi alitakiwa mbele ya kamati ya nidhamu, mwenyekiti Profesa wa upasuaji. Kilichompeleka huko ni ripoti ya mistari sita. Na mwandishi wake ni Sista Chapchap mwenyewe, mkuu wa wodi ya wazazi.

Wiki tatu nyuma mama mmoja alihitaji kupasuliwa haraka. Kutoka wodini hadi chumba cha upasuaji ni korido moja na mlango wa kusukuma, dakika tatu hata ukitembea kwa maringo. Mama yule alichukua dakika arobaini. Mtoto alitoka amelegea, akakaa kwenye oksijeni siku tisa. Walipona wote wawili, lakini zile dakika arobaini zilitafutiwa mwenyewe. Sista akaandika: "Mtu wa machela aliitwa, hakufika kwa wakati." Tangu hapo mdogo wake hapokei simu zake. Na Jumapili nyumbani kwa mama yao, ambako watu hujaa mpaka wengine wanakalia ndoo, dada wawili wanaombana chumvi kupitia kwa binamu.

"Hapa hakuna kuandika notisi," mwezeshaji alisema. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye viatu vya raba na sauti ya mtu aliyezoea kunadi sokoni. "Mafunzo ya kuboresha huduma hayafanyiki kwenye viti. Mtatembea. Wanaofundisha madaktari watatembea, wanaofua mashuka watatembea. Haya, niambieni kitu kimoja kinachochelewa hapa kwenu."

Kisha Mama Maabara, ambaye mdomo wake haujui likizo, akasema, "Mama wa upasuaji wa haraka," na vichwa vyote vikamgeukia Sista kama alizeti.

"Vizuri. Nani atakuwa mgonjwa?" Mwezeshaji akaangaza. "Profesa, umewahi kubebwa humu ndani?"

"Mimi? Sijawahi."

"Basi leo ndiyo leo. Mzee wangu, twende ukalale."

Hata wazee wa ukumbi walicheka. Profesa alivua koti, akavua miwani, akalazwa kitanda cha mwisho wodini, kilichokuwa wazi, na shuka ikamfika kidevuni. Sharti lilikuwa moja: kila mtu arudi kwenye nafasi yake na afanye kama siku zote, asiharakishe, asiigize. Mama Maabara akapewa saa.

Sista alifanya kazi yake, na hakuna aliyewahi kusema haijui. Alimweleza "mama" upasuaji, akamsainisha fomu ya ridhaa, akainua simu ya ukutani. "Mama yuko tayari," akasema. "Sawa, tumesikia," wakajibu wa chumba cha upasuaji. Akakata. Akasimama mguuni pa kitanda, kalamu ikigongagonga faili.

Dakika tano. Dakika nane. Kisigino chake kilianza kucheza chenyewe.

"Sista," Profesa akauliza kutoka kwenye shuka, "nangoja nini?"

"Machela, Profesa."

"Iko wapi?"

"Inakuja."

Dakika kumi na nne. Profesa alikuwa ameshamaliza kuhesabu madoa ya dari na sasa alikuwa anayapa majina. Sista alinyoosha shuka isiyohitaji kunyooshwa. Alikwenda dirishani, akarudi. Unaona sasa, alijisemea, wameona wenyewe, mchana kweupe, mtu huyu hata akijua anapimwa haji. Lakini moyo haukutulia pale.

Dakika ishirini na moja. Hakuweza kuvumilia tena. Alitoka akafuata korido, akasukuma mlango.

Tairi alikuwa hapo, nje ya chumba cha upasuaji. Amekaa juu ya machela yake, breki imefungwa, glovu mikononi, mgongo wima kama mtu anayengoja kupigwa picha. Nyuma ya kioo, muuguzi wa upasuaji alikuwa ameshavaa gauni, vifaa vimefunguliwa, anaitazama saa na kutikisa kichwa.

Mwezeshaji alikuwa ameegemea ukuta baina yao. Inaonekana alikuwa hapo muda mrefu.

"Kaka, unangoja nini?" alimuuliza Tairi.

"Nangoja kuitwa."

"Na wewe dada?"

"Nangoja mgonjwa," alisema muuguzi kwa hasira, akifungua kioo. "Wodi wanatuchelewesha, kama kawaida yao."

"Wamekupigia?"

"Wamepiga, wamesema yuko tayari. Tayari kwetu ni keshavaa gauni, ana dripu, ana mpira wa mkojo, yuko juu ya machela na magurudumu yanazunguka."

"Tayari ni karatasi imesainiwa," Sista akadakia. "Machela mnaita nyinyi, mkishasikia. Ndivyo ilivyo siku zote."

"Siku zote zipi?" mwezeshaji akauliza.

"Tangu ile simu ya kuzungusha."

"Sista, simu ya kuzungusha ilikufa mimi sijazaliwa," muuguzi alisema. "Hapa hatujawahi kumwita mtu wa machela. Hata namba yake hatuna."

Tairi alimtazama shemeji yake mara moja, kisha akatazama glovu zake.

Profesa alitokea mlangoni, shuka begani. "Dakika ishirini na sita," alisema. "Ningekuwa mzazi kweli, sijui." Hakumalizia.

Walirudi ukumbini wakabishana hadi ubao ukajaa. Mwisho walikubaliana kwamba neno tayari lisitumike tena kwenye simu ile. Mpigaji ataje moja moja kilichofanyika na ambacho bado, na akimaliza hapo, yeye mwenyewe ampigie mtu wa machela. Wakajaribu tena, Profesa akalala tena, safari hii bila kubembelezwa. Dakika tisa. Watu walipiga makofi, Mama Maabara akapiga na vigelegele. Sista alikuwa wima karibu na mlango, anavuta na kuachia kamba ya kitambulisho chake.

Wakati wa chai alimfuata Profesa. "Umeona mwenyewe. Kwa hiyo ile habari ya Ijumaa imekwisha, si ndiyo?"

"Nimeona mazoezi." Profesa alikoroga kikombe. "Kamati inasoma kilichoandikwa, Sista. Na kilichoandikwa kinasema aliitwa."

"Ndiyo, aliitwa."

"Na nani?"

Sista alishusha kikombe kutoka mdomoni.

Siku ya mama yule aliirudia yote kichwani akiwa amesimama pale na kikombe kinachopoa. Fomu. Simu ya ukutani. Akakata. Akasimama mguuni pa kitanda akimlaani Tairi kimoyomoyo, dakika baada ya dakika, na mkono wake haukugusa simu tena. Aliitwa. Neno lenyewe lilikuwa koti limening'inizwa msumarini, ukilipapasa halina mtu ndani. Na hakuwa amedanganya kwa kukusudia, hilo ndilo lililomchoma zaidi. Aliandika akiwa na uhakika.

Hakumaliza chai. Alikwenda ofisi ya Metroni, mkuu wa wauguzi wote, akaomba karatasi, akaandika akiwa amesimama: "Sikumwita mtu wa machela, na sikujua kama kuna aliyemwita. Nilidhani chumba cha upasuaji kinaita. Maneno yangu ya mwanzo nayafuta."

Metroni alisoma, akasoma tena. "Unajua ukiiacha hii hapa, Ijumaa atakayeitwa ni wewe."

"Najua."

"Na ukuu wa wodi unaweza kwenda."

"Piga muhuri, Metroni. Nikikaa hapa dakika moja zaidi nitaichukua."

Muhuri ukapigwa.

Tairi alikuwa kwenye korido, anapaka mafuta gurudumu linalolia. Sista alisimama mbele yake, akahamisha uzito mguu huu, mguu ule.

"Shemeji. Nimeifuta ile ripoti."

Tairi hakuinua kichwa. "Baada ya wiki tatu."

"Baada ya wiki tatu."

"Siku ile ungeniuliza tu: 'Tairi, kuna mtu amekuambia?' Ningekujibu hapana. Sekunde ngapi hizo?"

Kwa mara ya kwanza siku hiyo miguu ya Sista ilitulia. Tairi alifuta vidole kwa kitambaa, akaisukuma machela mbele, akairudisha. Gurudumu lilikuwa kimya.

"Mdogo wako umemwambia?"

"Bado. Usimwambie wewe. Nitamwambia mwenyewe, uso kwa uso."

"Wahi basi," alisema Tairi, na simu alikuwa ameshaitoa mfukoni. "Mimi mdomo wangu unawasha."

Sista alikuwa ameshafika getini.