Mngurumo wa Gari la Deusi

Mama Deusi aliketi kiti cha mbele cha gari la marehemu mwanawe, akafunga mkanda kama alivyofundishwa, akaniambia niwashe.

Niliwasha. Yeye akaendelea kusubiri.

"Washa, mwanangu."

"Limeshawaka, mama."

Aliweka kiganja juu ya dashibodi, akakiacha hapo kwa muda. Kisha akakiondoa taratibu.

"Hili silo," alisema.

Mimi na Wema, mjane wa Deusdedit, tulikuwa tumefika Mhunze, kwao marehemu kule Kishapu, asubuhi hiyo kwa ajili ya kuanua matanga. Deusi alikuwa mnunuzi wa dhahabu pale Kahama, akizunguka kwa wachimbaji wadogo hadi kule Bulyanhulu, mpaka ugonjwa wa ini ulipomchukua. Hakuacha mtoto. Aliacha mke, nyumba, na gari jekundu la milango miwili, lile la watu wanaopenda mbio. Ukoo ulitaka kuliona kabla ya kukaa kikao cha mirathi. Wema hajui kuendesha, kwa hiyo aliniomba mimi, Generosa, fundi umeme wa magari katika gereji iliyo jirani na kwake. Nilimaliza chuo mwaka juzi na bado mtaani wananiita mtoto wa chuo.

Selestine, kaka mkubwa wa marehemu, aliinama dirishani akasikiliza.

"Pasaka tulilipanda sote," alisema. "Lilinguruma mpaka kifua kikatetemeka. Hili linalia kama cherehani." Alinyoosha mgongo, akamgeukia Wema aliyekuwa amekaa mkekani na wanawake. "Shemeji, injini ya mdogo wangu umemuuzia nani?"

Wema alivuta kanga yake kichwani.

"Na fundi si huyu hapa?" akadakia mjomba mmoja. "Vidole vyembamba hivyo vinaingia popote."

Watu walicheka, lakini si kwa furaha. Kwetu Kahama jambo hilo hutokea kweli. Gari huingia gereji na injini nzima ya Japani, likatoka na chakavu, na mwenye gari hajui mpaka limzimikie njiani. Nilisema tuangalie namba ya injini kwenye kadi ya gari. Selestine akanijibu kwamba namba zinagongwa upya kila siku, na mimi kama fundi nisijifanye sijui. Kisha akasema kwa sauti ya kusikika na wote kwamba mwizi hawezi kubaki katika nyumba ya mtu aliyemwibia.

Nilishuka, nikafungua buti, nikainua zulia. Nilikuwa na wasiwasi wangu na nikaukuta ni wa kweli. Gari lilikuwa limekaa muda mrefu nyuma ya nyumba ya Wema, karibu na ghala la mpunga, na panya walikuwa wametafuna nyaya. Kisanduku kidogo cheusi kilichounganishwa na spika kilikuwa kimeungua. Kingine kama hicho huagizwa nje.

Wema alinifuata. Alinishika mkono kabla sijainua kichwa.

"Usiseme, Gene."

"Dada Wema, wanakuita mwizi."

"Wananiita mimi. Ukisema, watamcheka yeye, na yuko kaburini."

Nilijua anachokisema. Magari ya aina ile yana injini ndogo, zilizofunikwa vizuri ili zisipige kelele. Mnunuzi akikaa ndani haoni raha. Basi watengenezaji huweka kifaa kinachofuata mwendo wa injini na kutoa mngurumo kwenye spika za ndani. Ukikanyaga mafuta, spika zinanguruma. Aliye nje anasikia kagari ka kawaida tu. Deusi hakulijua hilo aliponunua. Wenzake wa Kahama waligundua, wakawa wakimwona wanasema, jamani, huyu anaendesha redio. Aliacha hata kukaa nao.

"Mama amelisifia Kishapu nzima," Wema alisema. "Anasema mwanawe alinunua fahali. Deusi aliniapisha, mama asijue."

"Na ukifukuzwa kwenye nyumba?"

"Nitarudi kwetu."

Alisema hivyo kana kwamba kwao ni hapo nyuma ya ua. Kwao hakuna mtu tena; hilo nalijua.

Wakati huo mama Deusi aliita kutoka ndani ya gari. Alitaka nimzungushe. Selestine alitaka kupanda pia, lakini mama akamwambia viti vya nyuma ni vya watu wenye miguu ya kawaida, na yake si ya kawaida. Tukaondoka wawili.

Tulipita mashamba ya pamba. Mbele kidogo aliuliza:

"Wema ameiuza?"

"Hapana, mama."

"Unajuaje?"

Nilikuwa nimeombwa kunyamaza, na aliyeniomba ndiye angeumia kwa kunyamaza kwangu. Sikujua kama nina haki ya kumvunjia mtu kiapo ili nimwokoe. Nilimwangalia yule mama, nikaona kwamba hakuuliza ili apate wa kumlaumu. Aliuliza kwa sababu alitaka kujua. Nikamweleza yote, habari za spika, kisanduku na panya.

Tulipita kisima.

"Kwa hiyo alikuwa ananipigia redio."

"Si yeye, mama. Ni waliolitengeneza. Yeye alijua baadaye, akaona aibu."

"Kwangu mimi? Aone aibu kwangu?"

Nilipunguza mwendo kupisha mbuzi.

"Wema anajua?"

"Anajua."

"Na amekaa pale anaitwa mwizi." Aligeuza uso dirishani. "Simama hapo. Usizime."

Nilisimama. Alishusha kioo chake, akaegemeza kichwa, akasikiliza. Injini ilikuwa inazunguka kwa utulivu, sauti nyembamba isiyo na makuu.

"Ndiyo hii aliyokuwa nayo siku zote?"

"Ndiyo hii, mama."

"Kasauti kadogo," alisema. Akajifuta macho kwa ncha ya kanga. "Mbona kazuri tu. Angeniambia."

Tuliporudi, wanaume walikuwa wameshapanga viti. Mama Deusi hakuketi.

"Injini ni ileile," alisema. "Nimeisikiliza."

"Mama, kwa heshima, masikio yako—"

"Selestine. Masikio haya yalikusikia ukilia siku uliyozaliwa. Injini ni ileile. Anayemwita Wema mwizi aanze kwa kuniita mimi mwongo."

Mjomba yule alikohoa, akauliza mngurumo umekwenda wapi basi.

"Panya wameharibu nyaya," alisema mama. "Mnataka kuwashitaki?"

Wazee wawili walicheka, na safari hii kicheko kilikuwa chepesi. Selestine akavuta kiti chake nyuma.

Mama Deusi alikwenda kwenye mkeka wa wanawake, akamwambia Wema asogee, akaketi naye bega kwa bega. Wema alinitupia jicho kali kutoka pale. Alikuwa ameshaelewa kwamba nimesema. Mama aliuchukua mkono wake akauweka mapajani mwake.

"Mwache mtoto wa watu," nilimsikia akimwambia kwa sauti ya chini. "Na wewe ungeniambia, mayu, mama yangu. Tungemfichia aibu yake sote wawili."