Bomba la Kajetani

Kila Alhamisi, ilipokaribia saa kumi alasiri, Anjelika aliacha kuchekecha unga. Aliweka chekeche juu ya beseni, akajifuta mikono kwenye khanga, akaenda kusimama kwenye ua wa nyuma uliopakana na gereji. Hakumuaga mtu. Binti yake Dorine, akiwa chini ya gari la mteja, alijua muda umefika kwa kuiona miguu ya mama yake kwenye mwanya wa uzio wa mabanzi, imetulia tuli, kidole gumba kimoja kimepanda juu ya mwenzake.

Ndipo lori lilipoanza kusikika likitokea upande wa Namtumbo. Kwanza ulikuja mngurumo wa kawaida. Halafu, likishapunguza mwendo kuingia mtaa wao wa Mshangano, ukaja ule mluzi: mwembamba, wa mtu anayevuta pumzi kwa shida, na mwishoni kabisa ulikwama kidogo kama koo lililofunga.

Ulikuwa mluzi wa Kajetani, na mtaa mzima ulikubali hivyo. Kajetani, mume wa Anjelika, aliishi na pumu miaka yote ya ufundi wake, na jirani yeyote aliyewahi kupita gerejini kwake angeutambua mvuto ule hata akiwa amefumba macho. Sasa Kajetani alikuwa na miezi mitatu kaburini, na pumzi yake ilitoka Nakapanya kila Alhamisi juu ya lori la mizigo.

Bomba lililopiga mluzi huo alilitengeneza mwenyewe. Lori lilikuwa Bedford kuukuu ya Mzee Bakili, mfanyabiashara wa Nakapanya. Ruksa ya biashara ilipokuja, na kila mwenye uwezo akawa anaagiza chake, Mzee Bakili aling'oa injini ya zamani iliyochoka akaweka ya Kijapani, iliyotumika kwao ikashushwa Dar es Salaam. Injini ilikuwa na nguvu za ajabu, ila ilivuta hewa kwa chini, jirani na gurudumu, na barabara ya Tunduru wakati wa kiangazi ni vumbi tupu, jekundu, laini kama poda. Fundi mwingine angeacha hivyo. Kajetani alikata bomba la chuma, akalipandisha nyuma ya kichwa cha lori mpaka juu ya paa, ambako hewa ina unafuu, akalivika kofia aliyoitengeneza kwa sufuria kuukuu. Chini aliliunganisha na kopo kubwa la chuma lenye chujio la karatasi ndani yake. Mafundi wa mjini walicheka, wakasema lori limeota pembe. Kiangazi kilipoisha walikuja mmoja mmoja kuuliza vipimo.

Dorine aliporudi kutoka chuo cha ufundi na cheti chake, baba yake hakuuliza cheti kinasemaje. Alimpa chujio lililotumika na balbu yenye waya mrefu. Washa ndani yake, alimwambia, uzungushe kwenye giza la stoo. Ukiona mwanga hata kama tundu la sindano, chujio hilo limekufa. Alimkataza kulipigiza chini kama mtu anayekung'uta mkeka, na alimkataza kuliosha kwa petroli, kama walivyofanya miaka ile ya shida ambapo hapakuwa na lingine la kuweka. Yeye mwenyewe alilikung'uta taratibu kwa kiganja, akiwa ameinamisha uso ili aone vizuri, na vumbi lote lililotoka alilivuta yeye. Hakuna aliyeliwaza jambo hilo wakati ule. Dorine alikuja kuliwaza baadaye, na alipoanza hakuweza kuacha.

Siku chujio jipya lilipofika, la kutoka Dubai, ndani ya boksi zuri lenye picha ya lori linalopita jangwani, Kajetani alikuwa kitandani na pumu imemzidi. Gari la haraka lilikuwa moja tu, lile lile Bedford, na kopo lake lilikuwa wazi, halina chujio. Dereva wake alikuwa Hironimus, kaka wa Anjelika, na alisema likiwa tayari ndilo litakalompeleka mgonjwa hospitali. Dorine akaweka chujio peke yake kwa mara ya kwanza, akakaza nati haraka haraka. Ndani, mama yake alikusanya shuka, kikombe na rozari, akavitia kwenye kitu cha kwanza alichokiona mlangoni. Kilikuwa boksi la chujio.

Njiani Kajetani alikaa katikati ya mkewe na shemeji yake, akivuta pumzi kwa mluzi, na katika kelele za injini hakuna aliyeweza kusema mluzi upi unatoka wapi. Siku ya tisa alifariki. Alhamisi baada ya mazishi lori lilirudi, na mluzi ukiwa ndani yake.

Hironimus alianza kuusalimia. Alikuwa mtu wa mzaha, na watu walidhani ni mzaha. Kila asubuhi kabla ya safari alilipiga bomba kwa kiganja akasema umeamkaje, mlamu, kwa jina lile lile alilomwitia shemeji yake miaka ishirini. Baadaye alikiri kwa Dorine kwamba akiwa peke yake porini, baada ya kuvuka Namtumbo, huwa anamsimulia habari za nyumbani. Anjelika naye alizoea kumtolea kaka yake kikombe cha togwa pale gerejini, ili anywe akiwa ameketi kwenye usukani bila kuzima injini. Hironimus alikunywa polepole kuliko mtu yeyote anavyokunywa togwa. Alisema Mzee Bakili ameanza kuuliza dizeli inakwenda wapi, naye atamjibu kuna abiria mmoja hataki kushuka.

Dorine hakucheka. Mluzi ule ulimwingia mgongoni. Kila ulipokwama pale mwishoni, spana ilisimama mkononi mwake, naye akajikuta anangoja.

Kisha lori likaanza kuchoka. Moshi wa bluu ulitoka nyuma kama shamba linalochomwa, na kwenye vilima lilipitwa na malori yaliyobeba mzigo mkubwa zaidi. Mzee Bakili alikuja mwenyewe. Dorine alimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba, akaketi juu ya tairi, akamwombea marehemu kwa Mola, ndipo akasema shida yake: injini ilikuwa inakula oili kuliko dizeli. Alimwomba binti aangalie.

Dorine alifungua mpira mnene unaotoka kwenye kopo kwenda kwenye injini. Hewa inayopita hapo imekwisha kuchujwa, kwa hiyo ndani panatakiwa kuwa safi kama sahani. Aliingiza kidole, akakitoa. Kilikuwa chekundu mpaka kwenye kiungo cha pili.

Alikitazama kwa muda mrefu. Halafu alichukua chujio akaingia nalo stoo, akawasha balbu, akazungusha. Hapakuwa na tundu. Alikagua mishono ya bomba, yote mizima, kama baba yake alivyoiacha. Mwisho alipitisha mkono mahali chujio linapokalia ndani ya kopo, na hapo alikuta chuma kitupu kimesuguana na chuma. Mpira wa duara wa kuziba mwanya haukuwapo. Yale machujio ya chuoni yalikuja na mpira umebandikwa tayari. Hili la Dubai mpira wake ulikuja kando, labda chini ya boksi, naye siku ile hakutazama chini ya boksi. Injini ilikuwa ikivuta hewa chafu kupitia ufa mwembamba kama ukucha, na ufa ndio uliokuwa ukipiga mluzi.

Angeweza kusema saa ile ile. Aligeuka, akaona miguu ya mama yake kwenye mwanya wa mabanzi, akamwambia Mzee Bakili kwamba pengine ni nozeli za kurushia dizeli. Alizifungua nozeli ambazo hazikuwa na tatizo, akazisafisha, akazirudisha. Lori likaondoka likipiga mluzi, na juma zima Dorine hakula vizuri, maana alijua kila kilomita ya vumbi inakwangua ringi za injini, na alijua anaiacha iendelee kwa sababu moja tu. Akiziba ufa, baba yake atakufa mara ya pili, na safari hii mkono utakuwa wake.

Alhamisi iliyofuata lori lilifika likiwa limechelewa, likivuta moshi mzito, na Mzee Bakili ameketi mbele pembeni ya Hironimus. Alishuka polepole. Alisema amekwisha kuongea na mtu wa kuchomelea kule mjini. Kesho wangelikata bomba, walitupe, injini ivute kwa chini kama magari mengine.

“Marehemu alikuwa fundi, sikatai,” alisema. “Lakini bomba lake linaniulia injini.”

Hironimus aliinamisha kichwa. Injini ilikuwa bado inaunguruma, na mluzi unaingia, unakwama, unaingia, unakwama. Dorine alikuwa binti ambaye watu humwomba arudie kila anachosema. Alisema jambo, na Mzee Bakili akasogeza sikio.

“Unasemaje, binti?”

“Si bomba la baba,” alirudia. “Ni mimi. Nilisahau mpira.”

Akawaeleza yote, macho yake yakiwa kwenye buti zake: ufa, vumbi, kidole chekundu, na uongo wa nozeli. Mzee Bakili akauliza mpira wenyewe uko wapi. Dorine alijua uko wapi. Alipiga hatua kuelekea nyumbani, na pale uani akamkuta mama yake, ambaye alikuwa amesikia kila neno.

Boksi lilikuwa chini ya kitanda cha Anjelika. Lilirudi kutoka hospitali likiwa limefungwa kwa kamba ya katani, na tangu siku hiyo hakuna aliyelifungua. Wakati wa kumaliza matanga ndugu waligawana nguo za marehemu na vifaa vyake, lakini lile Anjelika alilisukuma kwa mguu likaenda hadi ukutani. Sasa alipiga magoti, akalivuta, akaliweka juu ya shuka.

“Mama, tukiuweka huo mpira, hutausikia tena.”

“Najua.”

“Nilitaka nikuachie.”

Anjelika alipapasa fundo la kamba bila kulifungua. “Baba yako siku ile alivuta pumzi,” alisema. “Alivuta, nikangoja aitoe. Muuguzi alishamfunika, mimi bado nangoja. Na lori lile ni vivyo hivyo, Dorine. Linavuta tu. Nasimama pale kila Alhamisi nasema labda leo litatoa.”

Dorine alijua upande ule wa injini hautoi kamwe. Hewa ikishaingia kwa bomba, hutokea nyuma, kwa njia nyingine, ikiwa moshi. Ni jambo la darasa la kwanza kabisa chuoni. Aliketi kando ya mama yake, mabega yao yakigusana, na huko nje mluzi ukaendelea.

Anjelika alilegeza fundo kwa meno. Akatoa shuka iliyokunjwa nne, kikombe chenye ukoko wa uji mkavu, rozari, na kandambili moja. Ya pili haikujulikana ilibaki wapi. Chini kabisa, kwenye pembe, ulikuwa umebandikwa kwa gundi ya karatasi mpira mweusi wa duara, mpya, haujaguswa na mtu. Aliubandua. Ulikuwa na vumbi kidogo, basi akauleta mdomoni akaupuliza, taratibu, akizungusha, pumzi ndefu ambayo Dorine alidhani haitaisha. Ilipoisha, akampa.

Kazi yenyewe haikuchukua hata dakika kumi. Dorine alimwomba Hironimus azime injini, akasafisha kopo kwa kitambaa chenye oili, akaukalisha mpira kwenye mfereji wake, akarudisha chujio, akakaza nati kwa zamu kama alivyofundishwa. Alimwambia Mzee Bakili ukweli uliobaki: ringi zimeshalika, zitahitaji kubadilishwa masika yakiingia, na kazi hiyo ataifanya bila malipo. Mzee Bakili alisema Alhamdulillahi, kumbe pembe ni nzima.

“Washa, mjomba,” Dorine alisema.

Injini iliwaka. Ilinguruma kwa sauti moja, nzito, safi, isiyo na mtu ndani yake. Hironimus alishuka, akainua kiganja kulipiga bomba, akafungua mdomo. Kisha akaushusha mkono na kupanda tena garini. Anjelika alikuwa ameshika kikombe cha togwa. Walipoondoka kikombe kilikuwa bado kimejaa.

Juma lililofuata, saa kumi alasiri, aliweka chekeche juu ya beseni kama kawaida, akajifuta mikono, akaenda kusimama kwenye ua. Dorine alitoka chini ya gari akasimama upande wa pili wa mabanzi. Walisikiliza. Jirani alikuwa anatwanga. Malori mawili au matatu yalipita barabarani, yote yakinguruma sawasawa. Hironimus alikuja kusema baadaye kwamba hakusimama kwa sababu hakujua angemsalimia nani.

Walikaa hivyo mpaka vumbi jekundu lilipovuka ua, likatua juu ya unga uliokwisha kuchekechwa. Lori lilikuwa limekwisha kupita.