Toa Maiki

Maiki ilikuwa mkononi mwa Masoud, na mpira ulikuwa miguuni mwa watu wangu. Ugomvi wote ulikuwa hapo. Kwa sheria ya kibanda chetu cha kuonyeshea mpira, Nguvumali, Tanga, mpira ukihamia kwa timu yako, maiki nayo inahamia kwako, tena mkono kwa mkono. Haitupwi, haiwekwi chini. Nikanyoosha mkono. Masoud akaikumbatia maiki kifuani, macho kwenye runinga, akajifanya hanioni. Ilikuwa dakika ya kumi na sita ya fainali ya Kombe la FA, Mei mwaka jana, Crystal Palace yangu na Manchester City yake, na nusu ya kibanda walikuwa wananitazama mimi badala ya mechi.

Wapo wanaosema niliingia pale kwa fujo. Fujo ilikuja baadaye. Niliingia kwa kuitwa.

Saluni ya Sabiha imepakana na kibanda umiza cha Wilfred, na kati yao hakuna kitu ila ukuta wa mabati. Miaka mitatu nilisuka vichwa vya watu nimeupa mgongo ukuta ule. Wilfred huwa anazima sauti ya Kiingereza, anampa mtu maiki atangaze kwa Kiswahili, na mfalme wa kazi hiyo alikuwa Masoud. Kila Jumamosi sauti yake ilipenya mabati ikaingia saluni bila hodi. Mwanzoni nilimsikiliza tu. Halafu nikaanza kumjibu. Akisema mpira umetoka nje, na mimi nasema umetoka, kwa madoido yangu, wateja wanacheka hadi mstari wa nywele unakwenda kombo na inabidi nifumue. Kanisani kwetu, usharika wa Kilutheri, mimi ndiye nilikuwa nasoma matangazo ya Jumapili, kwa hiyo koo langu halikuwa geni kwa umati.

Januari ya mwaka jana mtangazaji wa tatu, Noa, akahamia Dar bila kuaga. Wilfred akaja kusimama mlangoni kwa Sabiha, kofia mkononi, kumuuliza kama anamfahamu kijana yeyote mwenye sauti.

"Kijana wa nini?" Sabiha akamwambia. "Mchukue huyu Loveness. Kutwa yuatangaza humu, wateja wangu hawapumui. Mchukue, yakhe, na mie nipumzike."

Wilfred alicheka. Aliponiangalia akaona mimi sicheki.

Kombe la FA ndilo lililokuwa na nafasi, kwa sababu mechi zake za mwanzo hazina watu. Kila mtangazaji huchagua timu moja na kwenda nayo mpaka itolewe. Timu mbili za watangazaji zikikutana, ndipo inapoingia sheria ya maiki, ambayo Wilfred aliiweka zamani baada ya watangazaji wawili kung'ang'ania maiki hadi waya ukakatika. Mwaka ule, badala ya chaki, aliamua kuandika ubao wa kibanda, sheria na timu zetu, kwa rangi ya mafuta. Alikuwa amebakiwa na nusu kopo baada ya kupaka geti lake. Chaki ni ya watoto wa shule, akasema. Masoud alichagua kwanza, Man City. Ammar, mtangazaji wa pili, akachukua Liverpool. Kwenye karatasi ya mechi ambazo king'amuzi kingeonyesha wikiendi ile, hakuna mtu aliyekuwa anaitaka Crystal Palace na Stockport.

"Basi hiyo ya dada," Wilfred akasema, na akaandika ubaoni: SALUNI – C. PALACE.

Nilimwambia jina langu ni Loveness Asheri. Akanijibu kwamba nafasi haitoshi, na hata hivyo nitakuwa nimetoka kabla rangi haijakauka.

Jumapili ile walikuja watu tisa, mmoja wao amelala. Palace wakashinda bao moja, la mapema, na dakika zote zilizobaki nilitetemeka hadi maiki ikawa inagonga meno yangu. Nilipomaliza nilimpa Masoud shikamoo yake pale mlangoni, maana umri wake ni wa baba yangu mdogo. Akaitikia marahaba akiangalia barabarani.

"Umesoma vizuri," akaniambia. "Kama matangazo ya ndoa."

Ilinichoma, na ilinisaidia. Nilijifunza majina ya kikosi kizima nikisuka. Nilimsuka mteja mmoja mtindo wa twende kilioni huku namtajia mabeki, akaniuliza hao ni ndugu zangu wa wapi. Februari tukawatoa Doncaster, na wiki hiyohiyo Ammar akafungwa na Plymouth, akasusa na kurudi kwenye bodaboda yake. Tulipocheza na Millwall, kipa wao alimpiga mshambuliaji wetu kiatu cha sikio, na mimi nikalia kwenye maiki, kilio cha kweli, kibanda kikanyamaza kunisikiliza. Robo fainali, Fulham, tatu bila. Nusu fainali, Aston Villa, tatu bila tena. Siku hiyo mabenchi yalijaa, na nje ya mabati wanawake walikuwa wamesimama na ndoo zao za maji kichwani, hawajui kama wanakwenda au wanarudi.

Baba alikuja wiki moja baada ya Villa. Alikata mkonge miaka thelathini na moja mashambani, na mgongo wake haunyooki vizuri, lakini alikuwa amesikia kwa vijana wa bodaboda kwamba mwanawe ameandikwa ubaoni Nguvumali, akapanda gari kuja kuona. Nikamwamkia, nikamshika mkono, nikampeleka. Alisoma ubao wote taratibu, juu hadi chini, kisha akausoma tena.

"Jina lako liko wapi?"

"Ni hilo la Saluni, baba."

Kule shambani walimwita kwa namba ya mstari wake mpaka alipostaafu, hilo alikuwa ameshanisimulia. Alikunywa chai kwa Sabiha akaondoka na gari la saa tisa, na mimi nikabaki nimekasirika kwa namna ambayo sikuwa nimewahi kukasirika.

Ijumaa, kesho yake ni fainali, Wilfred akaniita. Alikuwa ameshatundika turubai jipya la picha juu ya ubao, lenye kombe na sura ya Masoud, na chini yake sheria na jina langu la bandia vyote vimefunikwa.

"Loveness, mdogo wangu, umefanya kazi nzuri sana," akaanza, nami nikajua nimekwisha. "Lakini fainali ni fainali. Watu wanatoka hadi Usagara. Wanataka Masoud. Na atakayetangaza fainali ndiye nitakayempa msimu mzima ujao, ligi na kombe. Sitaki watangazaji watatu tena, wananichanganya."

"Sheria inasemaje, kaka Wilfred?"

"Sheria niliiweka mimi."

"Kwa rangi ya mafuta," nikamwambia.

Nilirudi saluni nikamweleza Sabiha. Aliendelea kuchana wigi bila kuinua macho, hata nikadhani hanisikilizi. Mwishoni akaniuliza saa ngapi inaanza. Saa kumi na mbili na nusu, nikasema. "Basi tutafunga saa kumi na mbili," akasema.

Siku ya pili, waliotoka kuswali magharibi walikuja na miguu bado mibichi kwa udhu, wakakuta turubai liko chini limekunjwa vizuri kama kitenge, ubao uko wazi, na mimi nimekaa kwenye benchi la watangazaji, nimevaa gauni langu la kanisani. Nyuma yangu wamekaa wanawake kumi na wanne wa Sabiha, wote wamelipa kiingilio, wengine vichwa vimesukwa nusu. Wilfred alikuja akanisimamia.

"Toka, Loveness. Tusiaibishane."

"Nibebe."

Aliangalia nyuma yangu. Sabiha alikuwa anamenya karanga, anamtazama. Kumbeba mwanamke mbele ya wanawake wale ingekuwa habari ya Tanga nzima, na Wilfred ana mke anayekuja kusukwa kwetu.

Aliyeniokoa, kwa kejeli yake, ni Masoud. "Mwache akae," akasema. "Mpira tutakuwa nao sisi. Atasubiri sana huyo."

Na kweli nilisubiri. City waliushika mpira kama wa kwao, na Masoud akatangaza kwa raha zake, sauti nzito ile ile iliyonifundisha kazi nikiwa nyuma ya mabati. Lazima niseme alikuwa anaiweza. Nilikaa mikono magotini. Mara mbili watu wangu walipata mpira, mara mbili nikanyoosha mkono, na mara zote mbili akachelewa makusudi mpaka mpira ukarudi kwake. Watu wakaguna. Mara ya tatu ndiyo hiyo ya dakika ya kumi na sita. Kipa wetu akapiga mrefu, na Masoud akaikumbatia maiki kifuani.

Nikapanda juu ya benchi na viatu vyangu vya kanisani.

"Mrefu huo!" nikapaza, kwa koo tupu. "Kaupokea mshambuliaji, kawapa mgongo, kaupeleka kulia! Kulia anakimbia huyo, anakimbia kama kaacha maharage jikoni! Yuko peke yake, jamani, wamemsahau! Anaumwaga ndani... namba kumi... namba kumiii..."

Sikumbuki nilisema nini baada ya bao hilo. Sabiha anasema nilitaja Bwana Yesu mara nne, na yeye mwenyewe akaitikia amina kabla hajajishtukia. Ninachokumbuka ni watu kuruka, karanga kumwagika, na kwamba kwenye spika haikutoka hata sauti moja. Kilichosikika ni mimi tu. Masoud alikuwa amekaa na maiki yake, mdomo wazi, hajui majina ya kutaja.

Kelele ilipotulia, Sabiha ndiye aliyeanza. "Masoud, toa maiki!" Wanawake wakampokea, halafu vijana wa mbele, halafu wageni wa Usagara ambao hata hawakuijua sheria hadi waliposoma ubao. "Toa maiki! Toa maiki!" Wilfred alisimama karibu na runinga akiangalia dari. Masoud hakutoa. Alikomaa hivyo hivyo dakika ishirini, na kila Palace walipogusa mpira mimi nilitangaza juu ya benchi kwa koo langu, sauti ikizidi kukwaruza. Nilikuwa tayari nipoteze sauti ile mwaka mzima kuliko kukaa.

Kisha City wakapata penalti. Hapo maiki ilikuwa yake kwa haki, nami nikashuka, nikakaa, nikanyamaza. Masoud akasimama. Alijenga maneno yake vizuri, polepole, kama fundi anayejua nyumba ni yake. Mpigaji akapiga. Kipa wetu akaruka, akaupangua.

Mpira ulikuwa wetu. Masoud akainama, akailaza maiki kwenye benchi kati yetu.

Watu wakashangilia. Wilfred akanipungia mkono niichukue haraka. Sikuigusa.

"Mkononi," nikasema.

"Si hiyo hapo?"

"Haiwekwi chini, mzee Masoud. Nipe mkononi."

Runinga ilikuwa inaendelea bila mtangazaji, na hakuna aliyelalamika. Nilimwona anavyofikiri. Angeweza kuondoka, na watu wake wangeondoka naye. Mkono wangu niliuacha palepale ulipo. Akaiokota, akaifuta kwa ncha ya kanzu, akaniwekea kiganjani. Kiganja chake kilikuwa na jasho kama changu.

Tangu hapo tulikwenda kwa sheria. Mapumziko Wilfred alizima spika kwa ajili ya adhana ya isha, na ilipomalizika tukarudi kazini. City walikuwa na mpira karibu kipindi chote, kwa hiyo maiki ilikuwa kwake zaidi, na kila nilipoupoteza mpira nilimrudishia maiki mwenyewe, mkono kwa mkono, kabla mtu hajaniambia. Zikaongezwa dakika kumi. Nilidhani nitakufa. Filimbi ya mwisho ilipolia maiki ilikuwa kwake. Akaniangalia, mara ya kwanza tangu Januari ananiangalia usoni.

"Maliza mwenyewe," akasema, akanipa.

Koo lilikuwa limekwisha. Nikamtaja bingwa, Palace, kwa mkwaruzo, hata sidhani walioko nje walinisikia.

Msimu huu tunautangaza wote wawili. Wilfred hakuthubutu kuchagua. Januari hii akatoa tena kopo la rangi na karatasi ya mechi. Masoud, kwa umri wake, akachagua kwanza.

"Palace," akasema. "Mabingwa."

Vijana wakaangua kicheko wakanigeukia. Wilfred akaniuliza naitaka ipi, na safari hii akaniinamishia karatasi niisome yote.

"Ipi ambayo hakuna anayeitaka?"

Alipitisha kidole. "Kuna hii hapa. Mak... Maklesfildi. Daraja la sita, dada, hata sijui ni wapi. Tena wanaanza na..." Akasita, akamtupia jicho Masoud na Palace yake.

"Naichukua hiyo."

Nikamwomba brashi. Alisema nafasi haitoshi, nikamwambia niachie mimi. Niliandika LOVENESS ASHERI, herufi zote, hadi ukingoni mwa ubao, na rangi ilipofika kwenye fremu nikaendelea juu ya fremu.