Kekeo wa Jicho Jekundu

Usiniambie nitulie. Mpunga wangu wa Buterere ndio chakula cha mwaka mzima, changu na cha binti yangu Houda. Na minana, hao ndege wa manjano wanaosuka viota kwenye matete, waliunyonya ungali na maziwa. Kila alfajiri nilipiga debe kuwafukuza mpaka mkono ukafa ganzi.

Jirani yangu wa shamba, Bahizire, Mkongomani wa Uvira, ndiye aliyenionyesha ndege waitwao makekeo. Walikuwa wa aina mbili, wote kijani cha kung'aa, wote wanataga kwenye viota vya wenzao. Mmoja ana jicho jekundu, madoa meupe kwenye mabawa na michirizi ubavuni. Huyo anataga kwa minana. Kitoto chake, hata macho hakijafumbua, kinayabeba mayai ya mwenye nyumba mgongoni na kuyasukuma nje, paa, chini. Wa pili ana jicho jeusi, doa jeupe nyuma yake, na tumbo jeupe pe. Huyo anafanya unyama huohuo, lakini kwa vindege vinavyokula viwavi wa mpunga wetu.

"Basi wa kwanza ni wangu," nikasema. "Wa pili afe."

"Apana, Mama Houda. We acha yote mbili."

Nilimsikia? Wapi! Nikamwita Shakuru, mdogo wa marehemu mume wangu, fundi pikipiki kule Cibitoke, ambaye manati yake haikosi.

"Shemeji, ukiona kijani mwenye weupe, ua."

Asubuhi hiyohiyo jiwe likapiga. Ndege akaanguka kwenye tope, bawa limevunjika, analia. Shakuru akamkanyaga kichwa. Mimi nikamfunga miguu kwa uzi bila hata kumgeuza, nikamtundika kwenye kijiti katikati ya mpunga, kama tunavyotundika mizoga ili wengine waogope. Nilicheka, wallahi nilicheka.

Minana hawakuogopa. Walikuja kumi, kisha kundi zima, wakamvamia yule maiti. Wakamdonoa, wakamchana kifua, utumbo ukatoka. Sijawahi kuona chuki ya ndege namna ile. Bahizire akaja mbio.

"Mama Houda, angalia mabawa! Ile madoa! Hii ni ya kwako!"

Nikaangalia. Hasira ikapanda. Nikachukua mpini wa jembe, nikampiga Shakuru begani.

"Ulisema mwenye weupe!" akapiga kelele.

"Weupe wa tumbo, mujinga we!"

"Tumbo hukusema!"

Kweli sikusema. Ndiyo maana nilimpiga mara ya pili, safari hii kichwani, ngozi ikapasuka. Akanirudishia ngumi ya mdomo, jino likatoka. Tukaanguka kwenye maji, mimi namng'ata mkono, yeye ananikaba shingo, tunavunja mpunga wenyewe kwa magoti yetu. Bahizire akamvuta kwa shati huku akitaja jina la Yesu, mimi namtaja Mungu kwa kumlaani shemeji yangu.

Nilipoinuka, minana walikuwa wamemaliza. Kwenye kijiti ilibaki miguu miwili na manyoya kidogo ya kijani. Wakashuka kwenye mpunga wote pamoja, wakaanza kula.

Nikalichukua debe. Nikalipiga, damu inanitiririka kidevuni, nalia kwa sauti na sioni haya. Hakuna hata mmoja aliyeruka. Aliyekuwa akiwapunguza alikuwa ananing'inia pale mbele yao, kwa fundo nililofunga mimi.