Kicheche wa Jumapili

Kicheche aliachia harufu yake chini ya madirisha ya ukumbi wa chakula wakati vijana wote wa nyumba wamesimama nyuma ya viti vyao, wamevaa makoti na tai, wanamngoja Mama Verlene.

Madirisha yalikuwa wazi yote. Hiyo ilikuwa amri ya Soren Haugland, rais wa nyumba: mtu asile ukumbini bila upepo kupita, hata kama baridi ya Oktoba ya Iowa inang'ata masikio. Basi harufu ikaingia bila kubisha hodi. Ilikuwa kama mtu kachoma tairi juu ya vitunguu vilivyooza. Wengine waliziba pua, wengine wakakimbilia kufunga madirisha, na mmoja akajifunika uso mzima kwa kitambaa cha meza.

"Nani kavua viatu humu?"

"Pruitt huyo! Si nilisema aoge?"

"Hapana, ndugu yake kaja kumtembelea. Mkaribisheni!"

Wakacheka. Soren naye kicheko kilikuwa kimeshamfika mdomoni alipomwona Brecken Tolliver.

Brecken alisimama kiti cha tatu kutoka dirishani. Mkono mmoja ulikuwa mfukoni, mwingine ukichomoa kipande cha mkate kwenye kikapu. Alikitia mdomoni akatafuna taratibu, macho yake yakiwafuata wanaokimbia.

"Kuna nini?" akauliza. "Nyuki?"

Kicheko kilikatika kama redio iliyochomolewa ukutani. Soren akatupa jicho kwenye meza nyingine, akaona wengine watatu wametulia vilevile, hawana habari, mmoja anajinyoosha tai. Huyo alipoona anatazamwa, akaziba pua haraka. Alichelewa.

Mwaka huo wa korona kila mtu alijua: ugonjwa ukiingia kwa vijana, mara nyingi pua ndiyo inayokufa kwanza.

Soren alitoka ukumbini akashika korido inayokwenda kwa Mama Verlene. Hakujua anakwenda kufanya nini. Miguu ilikwenda yenyewe, kwa sababu Jumapili saa kumi na mbili jioni miguu ya kila rais wa nyumba ile ilikuwa imekwenda huko kwa miaka tisini.

Verlene hakuwa mama mzazi wa yeyote kati yao. Wale walikuwa wanachuo, ndugu wa kiapo, wanaoishi chini ya paa moja, herufi tatu za Kigiriki za jina la chama chao zikiwa ukutani. Yeye alikuwa mama wa nyumba. Ndiyo kazi aliyoifanya tangu mumewe afe, na vyumba vyake viwili vya pembeni ndiyo makao pekee aliyokuwa nayo. Aliwafundisha kushika uma, aliwashonea vifungo, aliwakemea wakirudi wamelewa. Umri wake ulipita sabini, na pafu lake moja lilikatwa zamani. Kila Jumapili rais alimwendea mlangoni, akampa kiwiko, akamleta mezani huku ndugu wakiimba wimbo wa nyumba. Na hakuna aliyekaa mpaka Mama akae.

Tangu Machi hakuletwa. Alikula peke yake, sinia likiachwa nje ya mlango. Jioni hii ilikuwa siku yake ya kuzaliwa, na Alhamisi ndugu walipiga kura arudi mezani japo mara moja. Kura yao ni ya gololi: unatia mkono kwenye tundu la sanduku, nyeupe ni ndiyo, nyeusi ni hapana, na nyeusi moja tu inatosha kuzuia jambo lote. Soren aliishika nyeusi kiganjani mpaka ikapata joto. Kisha akamfikiria yule mama na sinia lake, akaidondosha nyeupe.

"Soren. Subiri, kaka."

Brecken alikuwa nyuma yake.

"Simama hapohapo," Soren akasema. "Na uvae barakoa."

"Ni mafua tu. Kila mwaka majani yakianza kuanguka pua yangu inaziba. Unajua hilo, tumekaa chumba kimoja miaka mitatu."

"Tangu lini husikii harufu?"

"Ah, mambo gani hayo sasa..."

"Tangu lini?"

Brecken akatazama zulia. "Ijumaa. Labda Alhamisi."

"Alhamisi ulipiga kura."

"Kila mtu alipiga kura! Mimi nilichojua ni kwamba kahawa haina ladha. Kahawa ya humu lini imewahi kuwa na ladha?"

Siku nyingine Soren angecheka. Badala yake alikuwa anafikiria darini. Desturi yao ni kulala wote kule juu, kwenye ukumbi mmoja wa vitanda vya ghorofa, madirisha wazi hata theluji ikianguka, kama walivyolala babu zao. Chuo kiliwaamuru wahame, kila mtu na chumba chake. Wakahama. Baada ya wiki mbili magodoro yakaanza kupanda ngazi tena, moja leo, moja kesho, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuonekana mwoga wa baridi. Soren aliyaona akanyamaza. Mwishowe na lake likapanda.

"Nisikilize," Brecken akasema, sasa kwa sauti ya chini. "Sisi wanne tunapanda juu. Unawaambia tumekula kitu kibaya. Wewe unamleta Mama, anakula, anakata keki yake, anarudi ndani. Basi. Ukipiga simu chuoni leo tumekwisha. Walisema nini Agosti, baada ya ile sherehe? Wagonjwa wakizidi watatu nyumba inafungwa mpaka mwakani. Herufi zinateremshwa. Kina Pruitt wameingia juzi tu, utawatupa wapi?"

"Sijui."

"Na yeye je?" Brecken akaonyesha mlango kwa kidevu. "Nyumba ikifungwa huyu mama analala wapi? Umefikiria hilo, ndugu rais? Au unapiga tu simu ujisikie msafi?"

Soren hakuwa amelifikiria. Lilimwingia kama maji ya baridi shingoni. Na hapo sauti ikatoka ndani ya mlango.

"Nasikia viatu vyako, Soren. Mbona umesimama? Miguu imeota mizizi?"

Kitasa cha shaba kikaanza kuzunguka. Soren akakidaka kwa mikono miwili.

Upande wa pili Mama akavuta. Huku Soren naye akavuta. Mlango ukacheza kidogo kwenye fremu, ukatulia.

"Umekwama huu."

"Haujakwama, Mama. Nimeushika."

"Uachie."

"Siwezi, Mama."

"Nimevaa gauni la bluu. Nimetia na hereni, na masikio yangu yameshasahau kazi hiyo. Tangu Machi nakula na televisheni, Soren, na televisheni haisemi asante. Achia mlango, mtoto wewe."

Brecken alikuwa anampungia mkono: fungua, fungua. Na kule ukumbini, labda kwa kudhani mlio wa kitasa ndio ishara, mtu wa piano akagonga sauti ya kwanza. Wakaanza kuimba. Vijana karibu thelathini, wamejaza vifua, na madirisha wameshayafunga yote kwa sababu ya kicheche.

Soren aliusikia ule wimbo ukija koridoni, akahisi kiganja kinateleza jasho juu ya shaba. Mama alikuwa anavuta tena. Alikuwa na nguvu kuliko alivyodhani. Kumwachia tu, kumpa kiwiko, hatua chache mpaka mezani. Kila mtu angefurahi, hata Mama, Mama kuliko wote.

"Nyamazeni!" akapiga kelele mpaka koo likachanika. "Nyamazeni nyote! Fungueni madirisha!"

Wimbo ukavunjika vipandevipande, wa mwisho kunyamaza ni yule Pruitt.

"Mama," akasema, mdomo karibu na ubao. Kisha akakumbuka, akarudisha uso nyuma. "Ugonjwa umo humu ndani. Wanne, kwa ninaowajua. Labda na mimi."

Kitasa kikaacha kuvuta. Akasikia ufunguo ukizungushwa kutoka ndani, kisha kitu kizito na laini kikisukumwa chini ya mlango. Taulo.

"Brecken ni mmojawapo?" sauti ikauliza, sasa kutoka mbali.

Brecken akaegemea ukuta.

"Jana aliniletea supu," Mama akasema. "Nilisikia harufu ya kuungua tangu ikiwa jikoni. Nikamwuliza kupitia mlango mbona imeungua. Akasema, 'Mbona inanukia vizuri, Mama?' Nikajiambia kijana ana adabu, hataki kumsema mpishi." Akakohoa kidogo, kikohozi chake cha siku zote. "Nilitaka sana kuja mezani."

"Mama, samahani," Brecken akasema.

"Wewe nyamaza, nenda kalale. Soren. Unajua ukipiga simu hiyo na mimi nimefukuzwa?"

"Ndiyo, Mama. Nimejua sasa hivi."

"Basi piga. Unangoja nikubembeleze?"

Alipiga palepale, mgongo ukutani, Brecken akimwangalia. Alitaja majina manne. Alitaja darini. Mtu wa chuo akamwuliza nani aliruhusu magodoro yarudi juu, akasema, "Mimi." Alipokata simu Brecken alikuwa ameshaondoka, na ukumbini nyama ya kuoka ilikuwa inapoa bila mtu.

Usiku ule hakuna aliyemsemesha. Asubuhi alipovaa viatu akakuta kitu kigumu kwenye cha kulia. Gololi nyeusi. Akaitia mfukoni.

Wauguzi walikuja Jumatatu na vijiti vyao vya pua. Majibu yalipotoka, zaidi ya nusu ya nyumba ilikuwa imeshikwa, na Soren alikuwemo. Hakuwa na homa. Hakuwa na kikohozi. Harufu ya yule kicheche aliisikia sawasawa. Alikaa kitandani anaangalia kiwiko chake cha kushoto, kile cha kumpa Mama, kama mtu anavyoangalia mbwa ambaye karibu amng'ate mtoto.

Mama alikuwa mzima.

Chuo hakikuchelewa: wagonjwa na wazima wabaki ndani mpaka karantini iishe, kisha kila mtu aende kwao, nyumba ifungwe mpaka vuli nyingine. Mafundi waliteremsha herufi kwa ngazi, zikaacha alama tatu nyeupe ukutani. Jioni ile mtu alipiga mlango wa Soren teke akapita zake. Akasema kwa nje, "Hongera, rais." Sauti ilikuwa ya Pruitt.

Jumatano, chuo kikiwa kimemruhusu Mama aondoke mapema, dada yake akaja na gari kutoka mji wa Dubuque. Vyumba vya Mama vilikuwa na mlango wake wa nje, unaotokea kwenye maegesho, kwa hiyo hakuhitaji kupita kwa yeyote. Alitoka na sanduku moja na taa ya mezani, amevaa barakoa mbili na gauni la bluu.

Soren alikuwa dirishani ghorofa ya pili. Madirisha mengine yote ya upande ule yalikuwa yamejaa vichwa, hakuna aliyewaita. Brecken alikuwa darini, amejifunika blanketi, uso kama karatasi.

Dada mtu akapakia sanduku. Mama akasimama kando ya gari, akainua macho, akapitia dirisha moja moja kama anavyowahesabu wakati wa chakula. Akafika kwa Soren, akatulia.

"Soren!" akaita. "Shusha mkono huo. Umekuwa kama birika."

Soren akajitazama. Kiwiko chake kilikuwa kimekunjwa, tayari, hana habari nacho tangu lini. Akakishusha. Mtu chumba cha pili akacheka, kicheko kifupi kikaishia kwenye kikohozi.

"Mama, utakaa wapi?" akauliza.

"Kwenye kochi la huyu hapa, na anakoroma. Usiniulize tena." Akavua miwani, akaipangusa kwa pindo la gauni, akaivaa. "Ungeachia ule mlango, ningekuja. Hilo ulijue. Ningekuja mbio."

Akafungua mlango wa gari. Hakuingia. Akaushika, akawaangalia wote kule juu, na hakuna aliyesogea. Hata wale wenye homa walikuwa wameshika fremu za madirisha, wamenyooka, wengine miguu inatetemeka. Akawaacha wangoje. Kisha akakusanya gauni lake, akakaa.

Ndipo vichwa vikaanza kushuka madirishani. Darini kwanza, Brecken na blanketi lake, kisha ghorofa ya tatu, kisha chumba cha pili. Soren alisikia viti vikikwaruza sakafu juu ya kichwa chake na pembeni yake. Alikuwa wa mwisho. Alipoona mlango wa gari umefungwa, akavuta kiti, naye akakaa.